Otto Wichterle, mutu mwenye alifundisha plastiki kunywa maji

Kila asubui, mamilioni ya watu duniani wanaweka juu ya jicho kipande kidogo cha plastiki laini, chembamba sana, kisha wanasahau kama kiko pale. Wanasoma, wanaendesha gari, wanatembea bila miwani. Hicho kipande kinaitwa lenzi laini. Plastiki yake haifanane na ile ya bidoni ao ya kiti. Inakunywa maji, inalegea kama nyama ya mwili, na jicho linaikubali.

Mutu mwenye aliivumbua alikuwa mwalimu wa kemia wa inchi ya Czechoslovakia, Otto Wichterle. Siasa ilimutosha ku kazi zaidi ya mara moja. Mashini yake ya kwanza aliijenga nyumbani, juu ya meza ya jikoni, na vyuma vya kuchezea vya watoto na dinamo ya kinga. Na wakati uvumbuzi wake ulianza kuzaa pesa nyingi, pesa hiyo ilipita mbali na yeye.

Mutoto wa mwenye kiwanda

Wichterle alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1913, katika muji wa Prostějov, jimbo la Moravia. Ile wakati Moravia ilikuwa chini ya ufalme wa Austria-Hungary. Alipokuwa na miaka tano, vita ya kwanza ya dunia ilimalizika na inchi mupya ikazaliwa: Czechoslovakia. Baba yake alikuwa mumoja wa wenye kiwanda cha mashini za kulimia, chenye kilikuja kutengeneza hata magari. Watu wangeweza kuwaza kama mutoto atamufuata mule kiwandani. Lakini yeye alienda Prague kusoma kemia, akamaliza mwaka wa 1936, na akabakia univerisite kufanya utafiti.

Haikuchukua muda. Mwaka wa 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Prague. Tarehe 17 Novemba ya mwaka huo, kisha wanafunzi kuandamana, Wajerumani walifunga shule zote za juu za Wacheki. Mwanasayansi wa miaka 26 akajikuta bila darasa na bila laboratware.

Alipata kazi katika muji wa Zlín, kwa kampuni ya viatu ya Baťa. Ni ile ile yenye ilijenga kiwanda Limuru, Kenya, na jina lake linasomeka mpaka leo ndani ya viatu vya Waafrika wengi. Baťa ilikuwa na nyumba yake ya utafiti, na ndani yake Wichterle aliongoza kikundi chenye kilitafuta namna ya kutengeneza uzi wa plastiki. Mwaka wa 1941 waliufikia: uzi wenye nguvu, ndugu ya nailoni. Kisha vita ukapewa jina la silon, na wanawake wa inchi yake wakavaa soksi zake.

Mwaka wa 1942 Gestapo, polisi ya siri ya Wajerumani, ilimukamata. Alikaa gerezani kwa miezi kadhaa, kisha akaachiliwa. Vita ilipoisha alirudi kufundisha Prague, akaandika vitabu vya kemia, na akaanzisha idara ya kwanza ya plastiki pale shuleni.

Mazungumuzo ndani ya treni

Mwaka wa 1952 Wichterle alikuwa ndani ya treni, anatoka Olomouc anarudia Prague. Pembeni yake kulikuwa mukubwa mumoja wa wizara ya afya mwenye alikuwa anasoma gazeti la waganga wa macho. Habari yenyewe ilieleza namna ya kuweka kipande cha chuma mahali pa jicho lenye limetolewa. Wichterle hakuipenda. Alimueleza jirani yake kama chuma si kitu cha kuweka ndani ya mwili, na kama kemia inaweza kutengeneza plastiki ya kazi hiyo. Wakazungumuza njia yote. Treni ilipofika Prague, Wichterle alikuwa na kazi mupya kichwani.

Shida ilikuwa hii: plastiki zenye zilikuwako zilitengenezwa kwa kazi ingine. Ile ngumu na yenye kuonyesha, yenye watu wanaita pleksiglasi, ilifanyiwa madirisha. Waganga waliichukua na kuiweka ndani ya mutu, kwa sababu hawakukuwa na kingine. Hata lenzi za macho za ile wakati zilikuwa za kioo ao za hiyo plastiki ngumu. Zilisaidia, lakini watu wengi zilikuwa zinawaumiza, hawakuweza kuzivumilia.

Wichterle aligeuza ulizo. Kwanza kuuliza mwili unaomba nini, kisha kutengeneza kitu chenye kitajibu. Mwili unaomba kitu chenye hakiozi na hakitoe sumu. Unaomba kitu chenye kinaacha maji na vyakula vidogo vya chembe hai vipite. Unaomba kitu laini, chenye hakikwaruze. Na kwa sababu sehemu kubwa ya mwili ni maji, kitu hicho kinapaswa kuwa na maji ndani yake, lakini bila kuyeyuka ndani ya hayo maji.

Molekuli zenye hazijashiba

Kuelewa jibu lake, ni lazima kuangalia namna plastiki inazaliwa. Plastiki yote ni munyororo murefu wa molekuli ndogo zenye zimeshikana. Ile molekuli ndogo inaitwa monoma. Munyororo unaitwa polima.

Monoma nyingi za kazi hii ziko na atomu mbili za kaboni zenye zinashikana kwa mikono mbili, si kwa mukono mumoja. Wanakemia wanasema kama molekuli ya namna hiyo haijashiba: iko na nafasi ya kushika ingine. Wakitia ndani yake kiamsho kidogo, ao joto, ao mwangaza, mukono mumoja unaachilia na unashika jirani. Jirani naye anaachilia wake na kushika mwenye kufuata. Kwa muda mufupi, maelfu ya molekuli zimejipanga kama watu wenye wanacheza wakishikana mikono.

Wichterle na mwenzake Drahoslav Lím walichagua monoma yenye jina refu, lakini wanasayansi wanaiita HEMA. Inatoka kwa famili moja na ile plastiki ya madirisha. Tofauti ni mukia: mwishoni mwa kila molekuli ya HEMA kuko oksijeni na hidrojeni, na kipande hicho kinapenda maji sana. Kwa hiyo munyororo wa HEMA unavuta maji pande zote.

Lakini minyororo peke yake haishikani imara. Ilifaa mafundo. Walitumia kwa kiasi kidogo molekuli ingine yenye haijashiba kwa ncha zake mbili. Ncha moja inaingia ndani ya munyororo huu, ncha ingine inaingia ndani ya ule wa pembeni. Minyororo inakuwa wavu, sawa na wavu wa muvuvi. Mafundo yakiwa machache sana, kitu kinakuwa ute wenye hausimame. Yakiwa mengi sana, kinakuwa kigumu na maji hayaingie. Kazi yote ilikuwa kupata kipimo cha katikati.

Walikipata. Wavu wao ulikuwa wenye kuonyesha kama kioo, haukupasuka mara moja, na ulikunywa maji mpaka karibu asilimia 40 ya uzito wake. Ukikauka, unakuwa mugumu. Ukirudishwa ndani ya maji, unalegea tena. Kitu cha namna hiyo kinaitwa hidrojeli.

Kulikuwa pia sharti moja lenye halikuonekana kwa macho. Monoma yenye ilibakia bila kushika mwenzake inaweza kutoka polepole na kuwasha nyama ya mwili, kwa sababu bado inatafuta cha kushika. Ndiyo maana hidrojeli ni lazima ioshwe vizuri mbele ya kugusa jicho. Polima yenye imeshiba inatulia. Monoma yenye haijashiba inasumbua.

Mwaka wa 1953 waliomba hati ya serkali yenye inalinda uvumbuzi. Mwaka wa 1954 hidrojeli ilitumiwa mara ya kwanza kwa mutu, kujaza nafasi ya jicho lenye limetolewa. Na mwaka wa 1960, Wichterle na Lím waliandika habari fupi juu yake katika gazeti la Uingereza, Nature. Watafiti wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa hidrojeli za kazi ya uganga.

Mulango unafungwa

Kutengeneza hidrojeli ni kitu kimoja. Kuipa umbo la lenzi ni kingine. Mwaka wa 1957 Wichterle alimwanga monoma ndani ya vibumba vya kufungwa, akatoa lenzi karibu 100. Lakini kila mara alipozitosha, kingo zilipasuka, na zilihitaji kusuguliwa moja moja kwa mikono.

Mbele hajapata dawa ya hiyo shida, siasa ilimufikia. Mwaka wa 1958 wakubwa wa Chama cha Kikomunisti walipiga fagio katika shule ya juu ya kemia ya Prague. Wichterle na wenzake kadhaa walitoshwa. Utafiti juu ya lenzi ukasimama.

Hata hivyo serkali ilikuwa na haja ya ujuzi wake. Mwaka wa mbele, wanasayansi wa inchi mbalimbali walikutana Prague juu ya polima, na viongozi waliona kama inchi yao haiwezi kubakia nyuma. Katika mwaka ule ule wa 1958, Chuo cha Sayansi cha Czechoslovakia kilianzisha kituo cha utafiti wa polima, na Wichterle akawa direkta wake. Lakini jengo lilikuwa bado linajengwa. Direkta alikuwa na cheo bila laboratware. Akaamua kufanya kazi nyumbani.

Noeli ya mwaka wa 1961

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Mutu akikoroga chai kwa haraka ndani ya kikombe, chai inapanda pembeni na inashuka katikati, na uso wake unakuwa kama bakuli. Wichterle aliwaza: kama monoma inazungushwa ndani ya kibumba kidogo wakati inageuka polima, itaganda ikiwa na umbo hilo. Chini itafuata umbo la kibumba, ndiyo sehemu ya kuangalia inje; juu itafuata muzunguko, ndiyo sehemu ya kukaa ku jicho. Kingo zitakuwa nyembamba na laini zenyewe, bila kusugua. Na kwa kuzungusha haraka zaidi ao polepole zaidi, lenzi inapata nguvu tofauti ya kusaidia macho.

Kwa kuzungusha, alichukua Merkur, vyuma vya kuchezea vyenye watoto wa inchi yake walikuwa wanajengea magari na madaraja. Dinamo ya kinga ya mutoto wake ikawa mota. Umeme uliipitia kwa transifoma ya kengele ya mulango. Vibumba na mirija ya kioo ya kupimia monoma alivitengeneza yeye mwenyewe.

Siku za Noeli, mwaka wa 1961, juu ya meza ya jikoni, pamoja na bibi yake Linda, mashini ilizunguka na lenzi ine za kwanza zikatoka zikiwa nzima. Wichterle aliziweka ndani ya macho yake mwenyewe. Nguvu yao haikufaa macho yake, lakini hazikumuumiza. Kisha siku kidogo tu alimaliza kuandika ombi la hati ya namna hiyo mupya ya kumwanga.

Mashini iliongezwa. Dinamo haikutosha tena, akatosha mota ya gramafoni yao. Katika miezi ine ya kwanza ya mwaka wa 1962, yeye na Linda walitoa lenzi 5.500 nyumbani mwao. Ile hesabu ilionyesha kama kitu hicho kinaweza kufanywa kwa wingi na kwa bei ndogo.

Pesa ilienda wapi

Chini ya serkali ya kikomunisti, uvumbuzi haukukuwa mali ya muvumbuzi. Haki za lenzi zilikuwa mikononi mwa serkali kupitia Chuo cha Sayansi. Mwaka wa 1965 haki ya kuzitumia iliuzwa kwa kampuni ya Marekani, National Patent Development Corporation. Mwaka wenye ulifuata, kampuni hiyo nayo iliipatia kampuni kubwa ya vyombo vya macho, Bausch & Lomb. Katika mwezi wa Machi 1971, serkali ya Marekani iliruhusu lenzi laini ziuzwe kwa watu. Soko likafunguka, na mamilioni ya dola yakaanza kuzunguka. Muvumbuzi alipata sehemu ndogo sana.

Katika ule wakati yeye alikuwa na shida ingine. Katika mwezi wa Juni 1968, inchi yake ilikuwa inajaribu kufungua siasa, na watu wengi wa majina walitia sahihi andiko lenye liliitwa Maneno Elfu Mbili, lenye liliomba mabadiliko yaendelee. Wichterle alitia sahihi. Miezi mbili kisha, usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti, vifaru vya Urusi na vya inchi rafiki zake vikaingia. Wenye walitia sahihi na walikataa kuifuta walianza kulipa. Mwaka wa 1970 Wichterle alitoshwa ku udirekta wa kituo chenye alikianzisha.

Kwa hiyo, katika mwaka wenye Wamarekani walianza kununua lenzi zake, yeye alikuwa mutafiti asiye na cheo katika inchi yake, mwenye alizuiliwa mambo mengi. Hakukimbia. Alibakia na kemia yake, akaendelea kutafuta na kuandika.

Hali iligeuka kisha miaka karibu 20. Mwishoni mwa mwaka wa 1989 utawala wa kikomunisti ulianguka bila vita. Mwaka wa 1990 Wichterle, akiwa mzee wa miaka 76, alichaguliwa kuwa prezida wa Chuo cha Sayansi cha Czechoslovakia, na alikiongoza mpaka mwaka wa 1992, wakati inchi ilikuwa inajitayarisha kugawanyika mbili. Mwaka wa 1993 wanaanga walitia jina lake ku jiwe moja lenye linazunguka jua.

Wavu unaendelea kufumwa

Hidrojeli haikubakia ku lenzi tu. Waganga wanaitumia leo kufunika vidonda vya moto, kwa sababu inalinda unyevu wa kidonda na haishikamane na nyama wakati wa kuibadilisha. Lenzi laini yenyewe inaweza kuwekwa kama bandeji juu ya jicho lenye limekwaruzwa, mupaka ngozi yake ya juu ipone. Wavu wenye unashika maji unaweza pia kushika dawa na kuiachilia polepole.

Watafiti wamegeuza hata namna ya kuanza. Wichterle alianza na molekuli ndogo zenye hazijashiba, akazifunga kuwa wavu. Leo wengi wanaanza na polima yenye iko tayari, mufano jelatini, yenye inatoka ku ngozi na mifupa ya wanyama. Wanaitia pembeni vipande vyenye havijashiba, vya famili ile ile ya HEMA. Jelatini inabakia maji-maji, inaweza kuchanganywa na chembe hai. Kisha wanaimulika kwa mwangaza: vile vipande vinashikana, na kwa muda mufupi maji-maji yanasimama kuwa hidrojeli yenye umbo lenye wanataka. Ndani ya laboratware, chembe hai zinakomea mule, na watu wanajifunza namna ya kukarabati mifupa laini, ngozi na mishipa.

Sifa yenye inafanya hidrojeli kuwa nzuri ndiyo inaifanya kuwa ya kuangaliwa. Kitu chenye kinakunywa maji kinakunywa pia vyenye viko ndani ya maji. Kwa hiyo mutu mwenye anavaa lenzi laini, awe Goma, Bukavu, Bunia ao Prague, hapaswe kuziosha na maji ya robine, ya ziwa ao ya mvua, wala na mate. Vijidudu vyenye vinaingia kwa njia hiyo vinaweza kuharibu jicho kabisa. Ni dawa maalumu ya lenzi tu, mikono safi, na kuzitosha mbele ya kulala kama munganga hajasema vingine. Jicho likiwa jekundu ao likiuma, lenzi inatoka kwanza, kisha mutu anaenda kwa munganga wa macho.

Otto Wichterle alikufa tarehe 18 Agosti 1998, katika nyumba yake ya shamba kule Stražisko, Moravia, karibu na muji wenye alizaliwa. Alikuwa na miaka 84. Aliishi siku za kutosha kuona milango yenye alifungiwa inafunguliwa tena, na kuona watu wa kila bara wanavaa kitu chenye yeye na Linda walikitosha mara ya kwanza jikoni mwao.